Mtu wa Kumi na Saba

Kwenye mazishi ya Shangazi Tekla nilihesabu viti mara mbili. Mara ya kwanza nilipata hamsini na nane, mara ya pili hamsini na saba, maana kuna mama mmoja alikuwa amekwisha kuhamisha chake kukipeleka kivulini. Mimi ndivyo nilivyo, na sokoni Ifakara wananijua. Mwenye mpunga akinipimia debe namwambia, "Mwaga, pima tena," na akikunja uso nami nakunja. Mchuuzi mwenzangu mmoja alipata kusema kwamba siku ya hukumu nitamwomba Mungu arudie hesabu. Nilicheka naye. Mtu anayekujua nusu ni bora umwachie hiyo nusu yake. Hata pale msibani walinijua hivyohivyo: mama mwenye sauti, asiye na aibu, anayeweza kusimama katikati ya mkutano wa wakulima akamwambia mtaalamu kwamba amekosea kuzidisha. Basi katekista, kijana mpole ambaye kola ya shati lake ingetosha shingo mbili, alikuwa anasoma wasifu wa marehemu kwenye maiki. Akafika pale pa "marehemu ameacha," akageuza karatasi kuangalia nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu. Akasema, "Marehemu hakujaliwa mtoto. Kama yupo ndugu yake wa karibu, tunaomba asimame tumtambue." Mimi nilikuwa mstari wa nne. Magoti yakaanza kutetemeka. Nina miaka arobaini na nane, na magoti ya namna ile nilikuwa sijayasikia tangu nina ishirini na mbili.

Mwaka ule sitauanzia kwetu Mchombe. Nani alimzaa nani na shamba la nani lilipakana na la nani, hayo wenyewe wanayajua na hapa hayana msaada. Naanzia chumbani kwa Shangazi Tekla, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, upande wa barabara iendayo mtoni, enzi hizo daraja halijajengwa na watu wa Ulanga wanavuka kwa pantoni. Nilikuja kujifunza cherehani, nikapangiwa kwake. Kulikuwa na vitanda viwili na pazia la kitenge katikati. Mashine ikiwashwa ukuta ulitetemeka na vikombe viligongana kabatini, naye alikuwa akivijua kwa mlio: "Hicho chenye ufa kinalia, kisogeze." Kila asubuhi tulifagia pumba na kila jioni tulizikuta zimerudi, juu ya mto, juu ya sufuria, ndani ya viatu. Watu wote pale mashineni walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mpepetaji. Mteja akishakoboa, yeye alichukua ungo, akaurusha mchele hewani na kuudaka, pumba zikaenda na upepo, chenga zikabaki upande. Nimeangalia wapepetaji wengi tangu wakati ule. Sijaona mwenye mikono ile.

Mimi nilikuwa na aibu ya kiwango cha ugonjwa. Nikikuta watu wamekaa barazani, nilizunguka mtaa mzima nisipite mbele yao. Sokoni nilinunua kwa bei ya kwanza. Mwenye nyanya akinitazama tu, nilikuwa nimeshalipa. Siku moja nilirudi na fungu lenye mbili zilizooza, Shangazi akalipekua lote.

"Umepunguziwa ngapi?"

"Sikuomba, Shangazi."

"Hukuomba! Kwani mwanangu ulikwenda kununua au kutoa sadaka?"

Na nchi hii yetu, mtu mwenye aibu hana pa kujificha. Ukihudhuria jumuiya, mgeni ajitambulishe. Harusini, zawadi haipelekwi kwa kutembea, inachezwa kuanzia mlangoni hadi mbele, na wewe uliyeleta sahani mbili unatakiwa uzikatie kiuno mbele ya watu mia mbili. Mgeni akija shuleni, ngonjera. Hata msibani, mtu anayelia sawasawa huombwa aseme neno. Na mimi nilikuwa nimeposwa. Deo, mwalimu wa shule ya msingi, mpole kuliko wote waliowahi kushika chaki, alikuwa amekwisha leta barua, na kwao Morogoro walitaka sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti. Wanaozijua wanajua kinachomngoja binti. Anapewa maiki, anazunguka ukumbi, anawatambulisha watu wake mmojammoja kwa wakwe, jina na cheo na neno la kumpamba. Hakuna wa kumsemea. Nilipoambiwa hivyo nilikwenda nyuma ya mashine, nikatapika.

Shangazi Tekla ndiye aliyepata dawa. "Ongea mashine ikiwa inawaka," alisema. "Hakuna atakayekusikia. Koo lizoee, uoga utaondoka wenyewe." Basi miezi mitatu, kila mchana baada ya cherehani, nilisimama kati ya magunia nikapiga kelele ndani ya ngurumo ile: huyu ni baba yangu mkubwa, huyu ni mama mdogo, anaishi Namawala. Shangazi alikaa hatua mbili kutoka kwangu na ungo wake, hasikii neno, anaangalia mdomo tu. Akiona nimeufumba alionyesha kwa kidole meno yake mwenyewe: fungua! Mzee Masanja, mwendesha mashine, Msukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe kisha akauza baadhi akashika usukani wa mashine, alikuwa akitikisa kichwa. Kwao, alisema, ngoma mbili hushindana uwanja mmoja na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Mwenye aibu huko atacheza na miti.

Nikazoea. Nikazoea hata nikaanza kujitungia mambo, kwa kuwa hakuna anayesikia. Siku moja, katika orodha yangu ya kutambulisha, nilikuwa nimefika kwa mjomba Kasiani. Nikanyoosha mkono kama wafanyavyo washereheshaji, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Na huyu ndiye mjomba wangu Kasiani, meno hana lakini ng'ombe anao!" na umeme ukakatika katikati ya sentensi. Mashine ikazima. "Ng'ombe anao" ilisikika mpaka barabarani. Pakawa kimya, kisha uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alianguka kwenye lundo la pumba, hakuinuka haraka. Niligeuka nikimbilie chumbani. Shangazi akanidaka sketi.

"Ukiingia ndani sasa, utatoka lini? Baki hapahapa."

Mzee Masanja akatoa kichwa nyuma ya mashine, mweupe wa vumbi. "Na hao ng'ombe, binti, meno wanayo?"

Sijui lilitoka wapi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ya mbele wanayo, mzee. Ya chini tu."

Mfugaji wa ng'ombe ndiye anayejua kwamba jibu lile ni sahihi. Alipiga kofi, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile uwanja wote ukawa shule yangu. Wateja waliokuwa wanasubiri zamu waliniambia, "Tutambulishe basi," nami nikawatambulisha, mashine imewaka au imezima. Na wote walijua orodha yangu ina watu kumi na saba, na wa kumi na saba ni nani.

Maana jioni moja, jua halijazama, tulikuwa tunakula wali wa chenga na perege, orodha iko mkekani. Shangazi alikuwa anatoa miiba na kusogeza minofu upande wangu wa sahani, kama kawaida yake. Akauliza bila kuinua macho, "Na mimi umeniweka?"

"Wa mwisho, Shangazi. Wa kumi na saba. Wa mwisho ndiye anayepigiwa vigelegele virefu."

"Utasemaje?"

"Nitasema, huyu ndiye mama yangu wa Ifakara."

Alitoa mwiba mwingine. "Usiseme napepeta." Akafikiri. "Au sema tu, si kazi? Mimi jina langu kwenye maiki nimelisikia mara moja, kanisani, zamu ya kufagia. Na walilikosea." Siku chache baadaye nilikuwa nimelala upande wangu, yeye akidhani nimesinzia. Chini ya pazia niliiona miguu yake ndani ya viatu vipya vyeusi, vya kubana. Miguu ikasimama pamoja. Kitanda kikalia, ikakaa. Ikasimama tena. Alikuwa anajifunza kusimama. Namna ya kuinuka, kupunga mkono kidogo, kuketi bila kujigonga. Nilifumba macho kumwachia faragha yake. Kati ya yote niliyoyaona katika maisha haya, na nimeona kiasi, ile miguu miwili ndiyo inayonirudia.

Sendofu ilifanyika mchana, ili wageni wa ng'ambo ya mto wawahi pantoni ya jioni. Ukumbi wa kukodi, jenereta nje, kreti za soda nyuma karibu na mlango. Mshereheshaji alitoka Morogoro, viatu vyenye ncha, na kila mtu aliyetajwa alimdai cheo: "Na kazi yake, bibi harusi? Tuambie tumpigie makofi!" Wakwe walikaa mbele, meza yenye kitambaa cheupe, vitenge vya aina moja. Nikapewa maiki. Kwa baba mkubwa sauti ilitetemeka. Kwa mama mdogo ikakaa. Nilipofika kwa mjomba Kasiani nilitania kidogo, si kuhusu meno, na ukumbi ukacheka, na mimi nikapenda. Niseme ukweli, nikapenda sana. Nilikuwa sijui kwamba watu wakikucheka kwa ridhaa yako ni kama kunywa kitu. Wa kumi, wa kumi na mbili, mtendaji wa kijiji, mwalimu mstaafu, vigelegele, muziki, nami natembea katikati yao kana kwamba nimezaliwa na maiki mkononi. Wa kumi na sita akapunga mkono, akakaa.

Shangazi Tekla alikuwa amekwisha simama. Kule nyuma, karibu na kreti. Ulikuwa msimu wa mavuno na alikuwa amepepeta mpaka adhuhuri, na ingawa alioga na kujipaka mafuta, kwenye ukingo wa nywele palibaki mstari mweupe, kama wa unga. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka meza nyeupe. Shangazi yake Deo alimwinamia jirani yake, akasema kwa sauti ya mtu anayedhani muziki unamficha, "Na yule mwenye pumba kichwani ni wa upande gani?"

"Si wa jikoni huyo?" mwenzake akajibu, na wakacheka puani.

Kwa miaka ishirini na sita nimewaambia watu, wale wachache waliouliza, kwamba nilisahau. Kwamba ni uoga, kichwa kilikuwa kinazunguka. Nataka hapa pasipunguzwe kitu: nilimwona. Macho yetu yalikutana. Alikuwa ameuweka mkono tayari, umeinuka nusu, wa kupunga kidogo. Uoga nilikuwa sina tena, yeye mwenyewe alikuwa ameshauondoa wote. Sauti ilikuwepo, maneno yalikuwepo, sita tu yaliyobaki. Nikashika maiki kwa mikono miwili, nikaitumia sauti aliyonipa, nikasema, "Na hao ndio watu wangu. Asanteni sana."

Muziki ukapigwa. Alibaki amesimama kwa muda wa pumzi tatu hivi. Kisha ule mkono ukashuka ukaokota chupa tupu iliyokuwa mezani, akainama, akaipanga kwenye kreti, akaokota nyingine, akihesabu kwa sauti: "Moja. Mbili. Tatu." Yeyote aliyekuwa anaangalia angedhani alisimama kwa ajili hiyo. Niliwaona wateja wetu wa mashineni meza ya pembeni, wametazama chini. Mzee Masanja, aliyekuwa mlangoni, alivaa kofia yake akaondoka kabla ya chakula. Na katika muziki wote ule mimi nilisikia hesabu tu, mpaka ishirini na nne, kreti ikajaa, akavuta nyingine.

Asubuhi nilikuta amepika vitumbua na chai ya mchaichai. Aliniwekea vitano, vile vilivyoiva vizuri. "Sauti ilitoka," alisema. "Hata mimi nilishangaa." Viatu vyeusi vilikuwa vimerudi kwenye mfuko wake wa plastiki, vikaning'inizwa msumarini, na sikuviona mguuni mwake tena. Wiki iliyofuata nikafunga ndoa.

Nimeishi Ifakara miaka yote hii, hatua elfu moja na mia mbili kutoka pale, nimezihesabu. Watoto wangu walimwita bibi. Nilimpelekea kila kitu kinachobebeka: godoro, chandarua, kitanda kipya, kanga kila Noeli. Alipoacha kupepeta nilimpelekea mchele, na yeye aliumwaga kwenye ungo akaupepeta upya, akasema nimepunjwa. Nikawa mchuuzi, nikawa na mdomo, na kila nilipomshinda mtu kwa maneno niliikumbuka shule yangu na mwalimu wangu. Lakini lile neno halikubebeka. Kila mara nilienda nalo, na kila mara nilirudi nalo. Mtu akipita na aibu mwaka wa kwanza, wa pili inakuwa nzito zaidi. Ukifika wa kumi unajiambia mwenzako amesahau, kwa sababu ndivyo ungependa.

Hakuwa amesahau. Mwezi uliopita, hospitalini, mchana, nilikuwa namlisha uji. Alisukuma kijiko taratibu.

"Yusta."

"Naam, Shangazi."

"Siku ile ukumbini. Maiki ilikatika, eti?"

Alikuwa ananitazama kwa upole, kama mwenye duka aliyekwisha kuchoka anayetaka kufunga, anayekupa kitu kwa bei yoyote. Alikuwa amenitafutia uongo, akaung'arisha, akanipa mkononi. Kilichotakiwa ni mimi kuukataa. Mimi ninayegombana na watu kwa robo kilo.

"Ndiyo, Shangazi," nikasema. "Ilikatika."

"Nilijua," alisema. "Vyombo vya kukodi hivi." Akanipigapiga mkono, akafungua mdomo apokee uji. Nilikuwa nimechukua bei ya kwanza. Siku tisa baadaye akafariki.

Basi nilisimama. Mstari wa nne, pale mazishini. Katekista alikuwa ameshaanza kugeukia aya nyingine. Nilielewa pale, kwa mara ya kwanza, urefu wa pumzi tatu ukiwa umesimama na hujatajwa. Nilitazama chini kama kuna chupa ya kuokota. Hapakuwa na kitu, nyasi tu.

"Samahani, mama," katekista akasema. "Wewe ni nani wa marehemu?"

Maiki ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwangu. Mashine ya jirani ilikuwa imezimwa tangu asubuhi kwa heshima yake, na ukimya ulikuwa ule wa siku ya mjomba Kasiani, ila hakuna aliyecheka. Nikasema, "Naitwa Yustina. Huyu ndiye mama yangu wa Ifakara. Nilitakiwa niseme hivi zamani, ukumbini, siku ya sendofu yangu, na yeye alikuwa amesimama anangoja. Maiki haikukatika. Nilimwona, nikamruka."

Mtu alikohoa. Binti yangu mkubwa alinitazama kama mtu anayeangalia nyumba aliyoizoea akakuta ina mlango mwingine. Mstari wa kwanza Mzee Masanja, ambaye sasa anatembelea fimbo na masikio yamekwisha, aligeuka na kiti chake.

"Rudia, mwanangu," alisema kwa nguvu. "Mashine iliniharibu masikio."

Nikarudia. Safari hii ilitoka ndogo, ileile ya msichana wa nyanya zilizooza, lakini yote ilitoka. Mzee aliitikia kwa kichwa, akasema, "Ehee," basi, akageukia jeneza. Katekista alitafuta kalamu mfukoni. Akauliza, kwa unyenyekevu, kama afute pale pa mtoto na aandike nini. Nikamwambia aandike mmoja. Aliandika, akasoma upya kwenye maiki, "Marehemu Tekla ameacha mtoto mmoja," na jina la Shangazi safari hii hawakulikosea.

Nikageuka nikae. Kiti changu kilikuwa kimeshachukuliwa, yule mama alikuwa amekipeleka kivulini pamoja na chake. Nikabaki nimesimama mpaka mwisho.